Hiace ya dizeli imekaa miaka saba bila kuwashwa: nianzie wapi?

mlezi_wa_hiace:

Wakuu, naomba mwongozo. Kuna Hiace ya injini ya 2L (hilo ni jina la aina ya injini ya Toyota, si lita mbili), dizeli, gia za mkono, imeegeshwa miaka saba. Ilipoegeshwa ilikuwa inatembea na haikuwa na ubovu unaojulikana. Hali yake ya sasa: betri imekufa, tairi zote hazina upepo na mbili zimepasuka ubavuni, tangi lina dizeli ya zamani kama robo, rejeta ni kavu ukifungua mfuniko, pedali ya breki inazama hadi chini, ya klachi imelegea, na chini ya siti kuna viota vya panya. Oili kwenye kijiti ipo, nyeusi, haina weupe wa maziwa. Injini haijaguswa.

Fundi mmoja anashauri tufunge betri nyingine, tuongeze dizeli mpya juu ya hiyo ya zamani, kisha tuivute kwa gari jingine hadi ishtuke kwenye gia ya pili. Mwingine anataka kushusha injini na kuifungua yote. Naomba kujua kipi kitangulie, kipi ni lazima kibadilishwe, kipi kinaokoka, na dalili gani nikiziona niache kulazimisha.

nozo_na_pampu:

Mkuu, kuvuta hapana kabisa. Na kushusha injini ni mapema, bado hujajua ina ugonjwa gani.

Sababu ya kukataa kuvuta ni hii. Kwenye 2L mkanda wa taiming unazungusha kamshafti (mhimili unaofungua valvu) na pampu ya nozo (inayosukuma dizeli kwenye silinda) kwa pamoja. Pampu hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Dizeli ikikaa miaka inageuka utomvu, na maji yaliyomo yanaleta kutu kwenye vyuma vilivyosagwa kwa usahihi mkubwa. Pampu ikiwa imeganda halafu ukailazimisha kwa nguvu ya gari zima, mkanda uliozeeka unanyolewa meno. Kamshafti inasimama, pistoni zinaendelea kupanda, zinagonga valvu. Hapo ndipo kazi ya kushusha injini inapozaliwa, na gari lilikuwa zima. Zaidi ya hayo, gari lenyewe halina breki, sasa ukilivuta utalisimamishaje?

Utaratibu wangu ni kuizungusha kwa mkono kwanza:

1. Toa hita plagi (zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha) zote nne. Safisha eneo kwa upepo kabla ya kuzifungua ili mchanga usidondokee ndani. Zikigoma, weka mafuta ya kulegezea kutu, acha usiku kucha, kisha fungua kidogo na kurudisha kidogo. Plagi ikikatikia ndani ya hedi (kichwa cha injini), hedi itabidi ishuke.

2. Kwa bomba la sindano lenye mrija mwembamba, weka oili safi ya injini kama mililita 10 hadi 15 kila silinda. Usimimine nyingi, chumba cha mwako cha dizeli ni kidogo sana. Acha saa 24, ikiwezekana mbili mara hiyo.

3. Fungua kava ya mkanda wa taiming uuone. Hata ukionekana mzuri utabadilishwa kabla ya kuwasha, pamoja na beringi ya tensheni yake. Raba huzeeka kwa miaka hata kama kilomita hazijaongezeka.

4. Hakikisha gia iko nyutro, shika bolti ya puli ya kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) kwa soketi yenye mpini mrefu, zungusha upande wa mshale wa saa ukiwa unaitazama injini kwa mbele. Polepole. Zungusha mizunguko miwili kamili, ndipo kamshafti na pampu zinamaliza mzunguko mmoja.

Wakati wa kuzungusha weka macho kwenye mkanda. Upande mmoja ukikakamaa huku puli ya pampu haitembei, acha hapo hapo: pampu imeganda. Usiuvue mkanda ukaendelea kuzungusha kranki peke yake, kwa sababu valvu zilizobaki wazi zitagongwa vilevile.

Pampu iliyoganda mara nyingi inarudi bila kufunguliwa. Toa paipu ya kuingizia mafuta, mimina dizeli safi iliyochanganywa na dawa ya kusafisha nozo, acha siku mbili, kisha jaribu kwa mkono kidogo kwenda na kurudi. Ikigoma baada ya hapo ipeleke kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Usiigonge kwa nyundo.

Na mtu akikwambia upulize dawa ya etha kwenye mdomo wa kuingizia hewa ili iwake haraka, kataa. Etha inalipuka kabla ya wakati wake, na hita plagi zikiwa za moto inaweza hata kuwakia kwenye manifoldi. Pistoni hupasuka hivyo, ringi pia.

dramu_na_diski:

Naunga mkono yote hapo juu isipokuwa mpangilio. Breki kwanza, injini baadaye. Injini ikishaunguruma kila mtu anapata hamu ya kulisogeza gari "mita mbili tu", na kwenye mita mbili hizo ndipo watu wanapobanwa ukutani.

Pandisha gari kwa jeki kisha liweke juu ya stendi, chini ya chesisi au eksli. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja, na mawe au matofali ndiyo kabisa usiyaguse. Kabla ya kuegemea stendi gonga chesisi kwa nyundo ndogo sehemu hizo. Mlio mkavu ni chuma, mlio mzito unaodondosha maganda ni kutu. Gonga zaidi kwenye vishikio vya springi za nyuma na chini ya milango, maji husimama huko.

Tuje kwenye breki. Pedali kuzama kuna sababu mbili kubwa: mafuta ya breki yamevuja kwenye wili silinda za nyuma (zilizo kwenye magurudumu), au raba za masta silinda (inayosukumwa na pedali) zimekufa. Miaka saba, chukulia zote mbili. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, unyevu huo unatua sehemu za chini na kutoboa vishimo vya kutu ndani ya silinda. Ukipampu pedali ya zamani hadi sakafuni unazipeleka raba kwenye sehemu ya silinda ambayo hazikuwahi kufika, yenye kutu, zinachanika. Kwa hiyo usiendelee kuipampu kuona kama "itapanda".

Badilisha wili silinda za nyuma zote mbili, masta silinda (au raba zake iwapo ndani bado panang'aa na kucha haikwami ukiipitisha), na mipira yote ya breki. Mipira ni lazima hata kama nje inaonekana mizuri. Ndani huvimba ikawa kama mlango wa upande mmoja: mafuta yanaenda ukikanyaga, hayarudi ukiachia, gurudumu linabaki limekamatwa na kuchemka. Kagua pia paipu za chuma zinazopita chini ya gari mpaka nyuma, hasa kwenye vibanio vyake. Vilevile kuna valvu ya kupunguza nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo, iko juu ya eksli ya nyuma na ina mkono wenye springi. Mkono huo ukiganda breki za nyuma zinakuwa dhaifu kupita kiasi au zinakamata kabla ya mbele.

Kama liliegeshwa na hendibreki juu, brekishuu zitakuwa zimeshikana na dramu. Legeza hendibreki, rudisha ajasta kupitia tundu la nyuma ya bamba, kisha tafuta matundu mawili yenye meno kwenye uso wa dramu. Ingiza bolti mbili za milimita 8, kaza moja nusu mzunguko, kisha nyingine nusu mzunguko, dramu itajisukuma yenyewe. Vumbi la ndani lilowanishe kwa maji yenye sabuni, usipulize, brekishuu za zamani huenda zina asbesto.

Usisafishe raba za breki kwa petroli, dizeli wala grisi ya kawaida, zinavimba. Spiriti au mafuta ya breki yenyewe. Jaza DOT 3 au DOT 4 kutoka kwenye chupa iliyofungwa, lita moja inatosha kuosha mfumo mzima. DOT 5 usiweke, ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo. Toa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, umalizie lililo karibu.

Klachi ina masta na slevu zake, matibabu ni yale yale. Ikipata pedali lakini gia zikakataa kuingia injini ikiwaka, sahani imeshikana na flaiwili kwa kutu. Banza pedali chini kwa ubao usiku kucha, mara nyingi inaachia yenyewe.

Tairi nunua seti nzima, zenye alama ya C ubavuni kwa ajili ya mzigo, si za gari dogo. Angalia tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi "mpya" iliyokaa dukani miaka minane si mpya.

waya_na_fyuzi:

Panya kwanza. Usifagie viota vikiwa vikavu, mkojo na kinyesi chao vina magonjwa ya kuvuta kwa pua. Vaa glavu na barakoa, nyunyizia dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika kama tano, kisha okota kwa karatasi. Fungua boksi la filta ya hewa na bomba lake lote, panya wanapenda kulala humo, na injini ikiwaka inameza nyasi na vitambaa. Chungulia na ekzosi.

Usifunge betri mpya moja kwa moja. Toa waya wa hasi wa gari, kati yake na nguzo hasi ya betri unganisha balbu ya taa ya indiketa, volti 12 wati 21. Swichi ikiwa imezimwa na milango imefungwa, balbu isiwake au iwake hafifu sana. Ikiwaka kwa nguvu kuna waya umekula mwili wa gari, na laiti ungekuwa umefunga betri moja kwa moja sasa hivi ungeona moshi. Chomoa fyuzi moja moja mpaka izime, ndipo ufuate njia ya fyuzi hiyo. Waya uliotafunwa ukate ulipo mzima, unga kwa kuuchomelea risasi na kuuvalisha mpira wa kubana kwa joto. Kuzungushia gundi ya plastiki tu hakudumu karibu na injini.

Hita plagi zikiwa nje zipime kwa mita: nzima inaonyesha chini ya ohm moja au karibu na hapo, iliyokufa haionyeshi mawasiliano kabisa. Ukinunua nyingine soma volti iliyoandikwa juu yake, kwani injini hizi zina mifumo tofauti ya kupasha, na plagi ya volti 6 ikipewa 12 mfululizo inaungua.

Stata ikitoa "tak" moja bila kuzungusha na betri ina volti 12.6, usiitupe. Fungua kifuniko cha solenoidi: kuna vipande viwili vya shaba vinavyolika, vinauzwa peke yake. Kabla ya hapo safisha waya wa ethi kati ya injini na bodi, huo ndio unaosahaulika kuliko yote.

Jambo linalounganisha umeme na breki: kwenye dizeli hizi pampu ya vakyumu ya sevo ya breki (kifaa kinachorahisisha kukanyaga pedali) iko nyuma ya oltaneta, na inalainishwa na oili ya injini kupitia mpira wake. Ukibadilisha oltaneta hakikisha mpya ina pampu hiyo, la sivyo pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Mipira ya oili hapo ibadilishwe, ikipasuka inamwaga oili ya injini barabarani.

mlezi_wa_hiace:

Shukrani sana wakuu. Hita plagi zimetoka zote salama. Oili imewekwa, imekaa siku mbili. Kuzungusha kwa mkono: inakwenda kama robo mzunguko kisha inakwama, ukirudisha nyuma inarudi, ukienda mbele inakwama pale pale. Kwenye tundu la silinda ya tatu yametoka maji machache yenye rangi ya kutu. Puli ya pampu inatembea pamoja na mkanda. Je, hedi imepasuka?

nozo_na_pampu:

Bado usihukumu. Habari njema ni kwamba pampu inatembea. Kukwama pale pale kila mara ni mstari wa kutu ndani ya silinda ya tatu, mahali ringi ziliposimama miaka yote. Maji yangekuwa ndiyo kizuizi, yangeruka nje kwa kuwa plagi zote ziko nje.

Changanya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, weka mililita 15 silinda ya tatu. Mbali na moto, asetoni inawaka upesi. Ongeza kila siku kwa siku tatu au nne, na kila siku uzungushe mbele mpaka panapogusa kisha urudishe. Unatafuta kusogea nyuzi mbili tatu zaidi kila siku. Usiongeze bomba refu kwenye mpini. Ikipita, izungushe mizunguko kumi hivi, kisha nyonya uchafu wote uliobaki ndani ya silinda.

Sasa maji yametoka wapi? Kuna njia mbili. Silinda iliyobaki na valvu ya ekzosi wazi hupokea unyevu kupitia ekzosi, na hilo halina madhara zaidi ya kutu. Njia ya pili ni gasketi au hedi, na hedi ya 2L inajulikana kwa kupasuka ikiwahi kuchemka. Rejeta yako ni kavu, kwa hiyo swali ni la haki. Jaza maji matupu, funga pampu ya kupima presha kwenye mdomo wa rejeta, pandisha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wake, kwa kawaida karibu na bar 0.9. Acha saa mbili. Presha ikishuka, tafuta maji nje kwanza: mipira, pampu ya maji, rejeta ya hita ya nyuma. Nje kukiwa kukavu na tundu la silinda ya tatu likalowa, hedi inashuka na hakuna njia ya mkato.

Ikipita jaribio hilo, pima mgandamizo kabla ya kutumia pesa kwenye kingine chochote. Geji iwe ya dizeli, ya petroli haifiki huko. Pampu ikatiwe waya wa solenoidi ya mafuta (valvu ya umeme inayoruhusu dizeli) ili isirushe dizeli, kisha piga stata. Injini nzima inakaribia bar 30. Kiwango cha chini ni karibu bar 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Silinda ya tatu ikiwa chini kidogo kuliko nyingine usihangaike, ringi zilizokwama mara nyingi huachia baada ya saa kadhaa za kazi. Ikiwa chini ya 15, fungua.

Baada ya hapo mkanda mpya, oili 15W-40 ya dizeli na filta mpya iliyojazwa oili kabla ya kufungwa. Injini hii inachukua kati ya lita 5 na 6, pima kwa kijiti. Plagi zikiwa bado nje na solenoidi imekatwa, piga stata sekunde 10, pumzisha dakika moja, rudia mpaka taa ya oili izime. Hapo beringi zimelowa kabla hazijabeba mzigo.

Mafuta: usitumie tangi kabisa kwa kuwasha mara ya kwanza. Chukua jagi safi la lita 5 lenye dizeli mpya, liweke juu zaidi ya filta, paipu ya kunyonya na ya kurudishia zote ziingie humo. Filta mpya. Pampu kwa mkono kwenye kichwa cha filta mpaka pawe pagumu. Legeza nati za paipu kwenye nozo nusu mzunguko kwa spana ya 17, piga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Usiweke kidole mbele ya paipu, presha yake inapenya ngozi, na dizeli chini ya ngozi ni dharura ya hospitali. Tangi lishushwe baadaye, lioshwe, pamoja na kichujio kilicho kwenye paipu ya kunyonyea.

Mtu wa pili asimame na ubao bapa karibu na mdomo wa kuingizia hewa, filta ikiwa imetolewa. Gavana ya pampu (inayodhibiti mizunguko ya injini) ikiwa imekwama, injini inaweza kupandisha mizunguko yenyewe na swichi isiizime. Mdomo huo ukizibwa kwa ubao, injini inakatwa pumzi. Mkono usitumike.

Ikiwaka: taa ya oili izime ndani ya sekunde tano hadi kumi, vinginevyo zima. Moshi mweupe wa dakika za mwanzo ni dizeli isiyoungua, ukiendelea injini ikishapata moto na unanukia utamu, ni maji ya rejeta. Bluu ni oili, ipe muda kwa sababu ya silinda ya tatu. Mlio wa chuma kwa chuma, zima bila kujadili.

dramu_na_diski:

Nyongeza ndogo kabla ya barabara. Mafuta ya difu na giaboksi yabadilishwe yote. Difu weka daraja la GL-5, 80W-90. Giaboksi fuata kitabu cha gari, kwani baadhi ya GL-5 zina salfa inayokula shaba ya sinkronaiza. Palipoandikwa GL-4 weka GL-4. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana ya juu ikigoma na ya chini umeshamwaga, gari halitoki hapo.

Themostati ichemshe kwenye sufuria: ifunguke karibu na joto lililoandikwa juu yake, mara nyingi 82 au 88. Wakati wa kujaza rejeta fungua hita ya mbele na ya nyuma, pandisha pua ya gari kidogo, acha mfuniko wazi mpaka mapovu yaishe. Hiace nyingi huchemka siku ya kwanza kwa sababu ya hewa iliyobaki kwenye paipu za nyuma.

Safari ya kwanza iwe ya kilomita tano mahali patupu, mwendo wa 40. Ukirudi gusa kila rimu kwa nyuma ya mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake haiachii. Kaza nati za magurudumu upya baada ya kilomita 50, na oili ya injini imwage tena ukifika 500 hata kama inaonekana safi, kwa sababu itakuwa imebeba utomvu na kutu ya miaka yote hiyo.